Safari ya Kumwona Nguva

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama na wanafunzi wa sasa.)



Katibu wetu aliponiandikia kwamba mwaka huu ni zamu yangu, alinishauri nieleze habari za utumishi wa umma, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Nilikubali, kisha nikawaonea huruma. Mmetoka kula pilau sasa hivi, na mtumishi wa Serikali akianza kueleza kazi yake baada ya pilau, hapana atakayebaki macho. Kwa hiyo nitazungumza juu ya mnyama. Utumishi wa umma utaingia wenyewe mahali pake, wala hautaingia kwa sifa.

Mwenzangu mmoja ofisini alirudi kutoka Marekani, mji wa San Francisco, akatuonyesha picha alizopiga bandarini, mahali panapoitwa Pier 39. Wanyama wakubwa wenye ngozi ya kung'aa wamelala juu ya majukwaa ya mbao, mmoja juu ya mwingine kama magunia ya mkaa, na watu wamejipanga kuwatazama. Hao ni simba bahari, jamaa wa sili. Walianza kujipandia pale mwishoni mwa mwaka 1989. Wenye boti walilalamika kwa kelele na harufu, lakini mwishowe wanyama wakaachiwa gati, na leo watu hutoka pande zote za dunia kuja kuwaona. Mwenzangu akauliza, "Hivi, kwetu tunao hawa?"

Nikamjibu kwamba hatuna. Jamii ya sili kwa kawaida hupenda maji ya baridi. Katika bara letu wako maelfu kwa maelfu, lakini ni huko Namibia na Afrika Kusini, ambako mkondo wa baridi wa Benguela hupita kando ya pwani. Maji yetu ni ya joto. Lakini, nikasema, sisi tunaye wetu, na kumfuata hakuhitaji ndege. Unapanda basi Mbagala Rangi Tatu. Akauliza ni nani huyo. Nikamwambia, nguva. Akacheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini.

Kicheko kile nakifahamu vizuri, maana mimi mwenyewe nilikicheka katika shule hii. Ilikuwa mwaka 1997, Kidato cha Tatu, darasa lile la karibu na tangi la maji. Mwalimu wetu wa Biolojia (sitamtaja jina, lakini amekaa mstari wa mbele na kofia yake ya mkono) alikuwa akitutajia mamalia ambao mtu hawadhanii: popo, nyangumi, pomboo, nguva. Alipofika kwa nguva darasa zima liliangua kicheko. Sisi tulikuwa watoto wa Mbagala, Tandika na Mtoni, pamoja na wachache wa Kinondoni waliokuwa wakipanda daladala mbili kila asubuhi, na hapakuwa na mmoja wetu asiyejua nguva ni nani. Nguva ni mwanamke kutoka kiunoni kwenda juu, na samaki kutoka kiunoni kwenda chini. Ana nywele ndefu, hukaa mwambani usiku na kuwaita wanaume. Ziko na hadithi nyingine za nguva na wavuvi ambazo hazisimuliwi mbele ya wanafunzi. Basi nikanyosha mkono, nikauliza, "Mwalimu, huyo mamalia anavaa kanga?"

Mwalimu alingoja kelele zitulie. Akasema, "Nenda ukamwangalie, kisha urudi utuambie." Akanipa na wiki moja ya kumwagilia bustani.

Kwa faida ya wale ambao nao walicheka siku hiyo, na wako humu, nieleze kidogo. Nguva ni mnyama wa kweli. Hufikia urefu wa kama mita 3 na uzito unaopita kilo 400. Hana mizani wala matamvua. Anavuta hewa kama sisi, na kila baada ya dakika chache hana budi kupanda juu kupumua. Chakula chake ni majani yanayoota chini ya bahari katika maji ya kina kifupi. Si mwani ule unaolimwa Unguja, bali ni majani hasa, yenye mizizi na maua. Huyang'oa pamoja na mizizi yake, na anapopita huacha njia nyeupe mchangani, kama mtu aliyefyeka. Hana undugu na samaki, wala hana undugu wa karibu na nyangumi. Jamaa zake walio hai katika nchi kavu ni tembo na pimbi. Na kama tembo, jike ana matiti mawili mbele, karibu na makwapa. Nadhani hapo ndipo mabaharia wa kale walipopata mwanamke wao, ingawa uso wake, mtanisamehe, hauwezi kumpoteza mtu aliyelala vizuri.

Jambo la kuliangalia sana ni uzazi wake. Jike hazai kabla ya kutimiza miaka 6 hivi, na wengine hupita hata miaka 10. Mimba huchukua zaidi ya mwaka mmoja, mtoto ni mmoja, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka 3 hadi 7. Akiachwa aishi anaweza kufika miaka 70. Wataalamu wamepiga hesabu wakaona kwamba hata mambo yakiwa mema kabisa, kundi la nguva haliwezi kuongezeka kwa zaidi ya kama 5 kwa kila 100 kwa mwaka. Kwa hiyo kundi dogo likipoteza majike wawili au watatu kwa mwaka, linakwisha, wala hapatakuwa na siku moja ambayo mtu ataweza kusema, leo ndiyo limekwisha. Alikuwapo ndugu yake mkubwa, nguva wa bahari ya baridi kule kaskazini kati ya Urusi na Marekani. Mwanasayansi Georg Steller alimwona na kumwandika mwaka 1741. Kufikia mwaka 1768 alikuwa amekwisha, ameliwa na mabaharia. Miaka 27 tu.

Sasa nirudi kwetu. Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1998, na mwezi wa Desemba mama akanipeleka kwa mjomba wangu, kaka yake, kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, upande wa Nyamisati. Mjomba alikuwa mvuvi wa jarife. Vijana wa mjini huenda hamlijui jarife. Ni wavu wa nyuzi nene, matundu yake yanapitisha ngumi, unaotegwa jioni na kuachwa majini usiku kucha, maboya juu na mawe chini. Ulikuwa ni wavu wa papa na taa. Nyama ilikaushwa kwa chumvi ikaja kuuzwa Dar es Salaam kama ng'onda, na mapezi yalikuwa na wanunuzi wake wenye fedha nzuri.

Alfajiri moja tulikuwa watu wanne katika mashua, tukianza kuvuta. Wavu ukawa mzito. Tulidhani ni papa mkubwa, tukawa tunajihadhari, lakini hapakuwa na purukushani yoyote, uzito tu. Alipotokea juu alikuwa amekwisha kufa. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amezongwa na wavu chini, akashindwa kupanda kupumua, akafa maji, kama ambavyo ningekufa mimi.

Alikuwa wa rangi ya kijivu, na urefu wake ulimpita mtu mmoja na nusu. Mdomo umeelekea chini, umejaa vinywele vigumu kama brashi ya viatu. Macho madogo. Nilipomshika kwapani ili tumpandishe, mkono wangu ukalowa kitu cha vuguvugu. Kilikuwa maziwa. Mzee mmoja katika mashua akasema, "Ana mtoto huyu." Sote tukageuka kutazama maji. Hatukuona kitu, na kulikuwa kunaanza kupambazuka, na bado tulikuwa na nusu ya jarife ya kuvuta.

Nilimkumbuka Mwalimu palepale. Lakini sitaki mdhani kwamba nililia, au nilikataa kula. Alichinjwa ufukweni, nyama ikagawanywa na nyingine ikauzwa, nami nikala. Ni nyama kama ya ng'ombe. Sheria kama ilikuwapo, sisi hatukuijua, wala hapakuwa na aliyetuambia.

Mwezi Julai 1999 mjomba alikuja Mbagala na fedha alizofunga katika mfuko wa plastiki. Zilikuwa ada yangu ya Kidato cha Tano, sare, na godoro. Baba yangu alikuwa amekwisha fariki. Ninyi vijana hamlipi ada. Iliondolewa mwaka 2016 kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na mwaka 2022 kwa cha Tano na cha Sita. Sisi tulilipa, na mimi nililipiwa na jarife. Siwezi kuchambua noti zile nikasema hii ilitoka kwa papa na hii ilitoka kwa yule mwenye maziwa.

Huko mbele ndipo utumishi wa umma unapoingia. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Uvuvi, na kanuni zake zikafuata mwaka 2009, na humo ni marufuku kumvua nguva. Eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu, ile inayoitwa ya Ramsar. Kwenye karatasi hakuna kilichopungua. Ila jarife lenyewe si marufuku. Sheria inamlinda nguva, na sheria inamruhusu mvuvi kutega jarife mahali palepale nguva anapolala na kula, na wavu haujui kusoma. Mvuvi hakumtafuta, kamkuta asubuhi ameshakufa. Afanye nini? Akimtangaza, anaogopa kesi, faini na kupoteza wavu ulio mali yake yote. Akinyamaza, kijiji kinapata kitoweo. Tangu mwaka 2001 shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi na vijiji vya pwani kuandika habari za kasa na nguva, na kwa kweli sehemu kubwa ya tunayoyajua imetokana na wavuvi wenyewe waliokubali kusema. Lakini kukubali kusema kunahitaji mtu unayemwamini.

Mwaka 2016 nilitumwa katika vijiji kadhaa vya huko kwa shughuli ya ofisi isiyohusu uvuvi hata kidogo. Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya "Mengineyo", nami kwa sababu zangu nikawa nauliza kila mahali: je, nguva mnawaona? Nilijibiwa kwa adabu sana. "Nguva? Huyo hatujamwona miaka mingi, Mheshimiwa." Usiku nikaenda kulala kwa mjomba. Tulipomaliza kula akaniambia, "Mjomba" (maana huitana mjomba kwa mjomba), "mmoja alinaswa wiki sita zilizopita. Jike. Aligawanywa usiku, kila nyumba ilipata."

Nikauliza mbona mchana watu wote wamekana. Akasema, "Wewe ulikuja na gari."

Nilikaa na fomu ile siku mbili. Ningeandika, wangekuja kuulizwa watu ambao walinilea likizo zangu zote, na wa kwanza angekuwa yeye. Nisingeandika, nguva yule hangeingia katika hesabu ya mtu yeyote, na wakubwa wangeendelea kuambiwa kwamba hakuna tatizo kwa kuwa hakuna taarifa. Katika nafasi ya "Mengineyo" niliandika, "Hakuna." Mjomba alifariki mwaka 2021, ndiyo maana leo naweza kuyasema haya. Sijui hata sasa kama lipo jibu ambalo lingekuwa safi kwa pande zote mbili. Nalijua tu neno nililoandika.

Mwisho wa mwaka 2022 shirika la IUCN, linaloweka orodha ya viumbe walio hatarini duniani, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la juu kabisa la hatari kabla ya kutoweka. Linakadiria kwamba wakubwa wanaoweza kuzaa, katika pwani yetu yote, hawafiki 250. Tazameni ukumbi huu, mhesabu vichwa. Na hao si wa Tanzania peke yake, maana kundi linalotegemewa hasa liko Msumbiji, katika visiwa vya Bazaruto. Mwaka huohuo wa 2022 wataalamu walitangaza kwamba katika bahari ya China hawapo tena wa kutosha kuendeleza kizazi. Kwetu wamebaki wachache katika maji yaliyo kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Kabla ya mjomba kufariki tulikwenda kumtafuta aliye hai. Ilikuwa Desemba 2018, nami nilimchukua mwanangu aliyekuwa na miaka tisa. Tulipanda basi Rangi Tatu alfajiri, tukanunua korosho Mkuranga, tukaiacha barabara ya Kilwa pale Bungu, tukashuka Nyamisati. Mjomba alikuwa amezeeka, havuti tena wavu, lakini alikaa nyuma akashika usukani. Tulitoka siku tatu mfululizo, kwa zile saa ambazo kaskazi haijavuma. Siku ya kwanza tuliona pomboo na kasa mmoja. Siku ya pili hatukuona kitu ila jua. Siku ya tatu yalikuwa maji mafu, bahari imetulia, na chini unayaona majani yamelala upande mmoja. Mjomba akainua mkono bila kusema.

Kwanza zilitoka pua, matundu mawili yaliyofunguka kama vifuniko, na sauti, phuu, kama mtu mzima anayetua mzigo. Kisha mgongo. Kisha mkia mpana ukainuka kidogo, ukazama bila kurusha hata tone. Labda sekunde tano. Nikamgeukia mwanangu. Alikuwa ameinama, anaokota korosho zilizomwagika.

"Wapi, Baba?"

Tulingoja. Alipanda tena mara moja, mbali, nikamwonyesha kwa kidole, na mpaka leo kijana yule anashikilia kwamba Baba aliona gogo. Mjomba akasema, "Basi, mjomba, tumwache ale," akageuza chombo.

Kwa hiyo, Mwalimu, uliponiagiza mwaka 1997 niende nikamwangalie, nimekwenda. Ilinichukua miaka 21 kumwona akiwa hai. Hakuvaa kanga.

Sasa nimalize kwa jambo lililonileta. Jarife la mjomba liko kwa mwanawe, binamu yangu, na mashua pia. Si mtu mbaya, wala si mjinga. Anawajua nguva kuliko daktari yeyote wa Chuo Kikuu, na yale majani tuliyomwona yule mmoja anayajua kama uwanja wa nyumba yake. Nimezungumza naye mara tatu. Amesema yuko tayari kuacha kutega pale, ahamie kwenye mishipi huko nje penye maji marefu, lakini kwa tanga peke yake hawezi kwenda na kurudi kwa usalama, hasa kusi ikivuma. Anataka injini ya kupachika. Nikamwambia kwamba nguva ni mali ya taifa. Akaniambia, basi taifa ninunulie injini.

Mshahara wangu mnaukisia. Nimetoa nilichoweza, na hakifiki nusu. Najua kwamba mashua moja si delta nzima, na ziko nyingine, na wenye mashua hizo watauliza mbona wao hawakupewa. Hilo sina jibu lake. Lakini wamesema wataangalia kwanza kama binamu yangu ataweza kuishi, na mvuvi huangalia vizuri.

Bei ya injini nimeiandika katika karatasi nikampa Mweka Hazina. Nafahamu kwamba mchango wa mwaka huu ulikusudiwa kupaka rangi bwalo. Nimepita bwaloni kabla ya kuja hapa, na ni kweli, linahitaji rangi. Mkiamua bwalo, sitanuna. Mkiamua vingine, binamu yangu amesema wanafunzi wanne wa Biolojia watapata nafasi katika mashua kila Desemba, na nauli ya kutoka Rangi Tatu nitalipa mimi, kwa sharti kwamba korosho zibaki mfukoni.